Nilipotaka Kuwa Muuguzi wa Jeshi

Mtu wa kwanza kunifundisha kuzuia damu hakunigusa, wala hakumgusa majeruhi. Alisimama nyuma ya watu pale ufukweni Kashikishi, mfuko wa unga wa ngano begani, akawa ananielekeza kwa sauti tulivu, kama mtu anayemwelekeza dereva kurudisha gari nyuma.

Ilikuwa asubuhi, saa ambazo boti zinaingia. Nilikuwa namsaidia mama kuanika chisense, dagaa wadogo wa ziwa letu, juu ya mchanga. Mvuvi mmoja aliruka majini kabla mashine ya boti haijazimwa, akateleza, na elisi, lile panga linalozunguka majini, ikamkata mguu kwa nyuma, chini kidogo ya goti. Wenzake walimvuta hadi nchi kavu. Mmoja alikuja na chumvi, mwingine na tumbaku ya kusaga, na wote wawili walitaka kuvimwaga kwenye kidonda. Mimi nilivua kitenge changu cha juu nikakikandamiza pale. Picha ya kufanya hivyo nilikuwa nimeiona katika semina ya siku mbili ya kliniki. Kitenge kililowa mara moja, damu ikaendelea kutoka kati ya vidole vyangu.

"Weye mwanamuke," ile sauti ikasema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, cha Wakongo, "kufinya peke yake haitatosha. Funga juu. Juu ya goti. Kaza."

Nilipasua kitenge, nikafunga juu ya goti.

"Sasa tafuta kijiti. Kitie mu fundo, uzungushe. Mupaka damu isimame. Atalia, muache alie."

Yule mvuvi alilia kweli, akanitukana kwa Kibemba, akamtaja na mama yangu aliyekuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwetu. Nilizungusha. Damu ikapungua, ikawa ya matone, ikasimama.

"Ni saa ngapi?" ile sauti ikauliza. Mtu akajibu ni saa mbili na nusu. "Muandikie ile saa ku kipaji. Kule hospitali batataka kujua."

Nikachukua mkaa kwenye jiko la mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki, nikaandika paji la uso la mtu mzima kama ubao wa darasani. Wakampakia kwenye gari la kubeba barafu wakampeleka hospitali. Nilipogeuka, mtu wa unga alikuwa ameshaondoka. Mguu ulipona. Anachechemea kidogo, na mpaka leo anavua.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza gredi ya kumi na mbili, mwisho wa sekondari. Siku tatu kwa wiki nilikuwa mkalimani wa wauguzi wanaohudumia wakimbizi wa kambi ya Mantapala na vijiji vya jirani. Wauguzi wengi ni Wazambia, wanasema Kibemba na Kiingereza. Wagonjwa wengi ni Wakongo, wanasema Kiswahili. Mimi nimezaliwa katikati. Baba ni Mbemba wa hapa, fundi wa kuunda boti. Mama ametoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Pweto, alivuka na kundi la watu waliokimbia vita na hakurudi tena. Nyumbani tunasema lugha zote mbili katika sentensi moja na hakuna anayeona ajabu.

Nilimtafuta mtu wa unga kwa wiki nzima, nikampata Mantapala kwenyewe, mahali nilipokuwa nikipita kila mara. Alikuwa akikaanga mikate, yale maandazi ya mviringo ya Kikongo, mbele ya nyumba yake ya udongo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Sikuwahi kumwona kliniki kwa sababu hakuwahi kuja.

"Papa," nilimwuliza, "juu ya nini hamukumushika ninyi benyewe ule mutu?"

"Sina karatasi ya hapa. Akifia mu mikono yangu, nitasema nini kwa polisi?" Akanyoosha mkono wa kulia juu ya sufuria ya mafuta. Ulikuwa ukitetemeka. "Na tena iko hii."

"Mulikuwa daktari?"

"Anfirmie. Anfirmie wa jeshi. Miaka kumi na mbili." Ndivyo Wakongo wanavyomwita muuguzi.

Alinipa mikate mitatu kwenye karatasi akakataa hela yangu, kisha akaendelea na wateja wake. Hakuwa mtu wa kuhadithia. Lakini nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, na mwishowe akakubali kunifundisha alichokuwa anakijua. Alinifanya nifunge kamba ya kubana damu kwenye paja langu mwenyewe kwa mkono mmoja, tena nimefumba macho. Alinifundisha kumgeuza mtu aliyezimia bila kumvunja shingo, na mteja mmoja mnene alijitolea kuwa majeruhi kwa malipo ya mikate. Alinifundisha pia utaratibu: damu kwanza, halafu pumzi, halafu baridi, kwa sababu mtu aliyepoteza damu hufa kwa baridi hata jua likiwaka.

"Na mu vita," alisema siku moja, "mbele ya damu kuko kintu ingine. Dawa ya kwanza ni kunyamazisha ule anayepiga. Walinipa bunduki mbele ya kunipa dawa. Usisahau ile."

Tangazo la jeshi lilibandikwa boma, kwenye ukuta wa ofisi za wilaya pale Nchelenge, mwezi ambao ziwa limefungwa ili samaki wazaliane na soko zima linapiga miayo. Lilitaka vijana wenye cheti cha gredi ya kumi na mbili, wasio na alama kubwa mwilini, wenye kitambulisho cha kijani cha uraia. Kwa upande wa baba nilikuwa nacho. Nilisimama pale nikalisoma mara mbili. Sitasema kwamba niliitwa na taifa. Nilikuwa nimemzuia mtu mmoja asife, na kwa miezi kadhaa sikuweza kuisahau ile dakika ambayo damu ilisimama. Nilitaka kuwa mtu anayejua la kufanya wakati wengine wanakimbia na chumvi. Na jeshi lingenisomesha bure, na kunilipa.

Nilipowaambia wazazi, baba aliendelea kupiga randa. Aliniambia kwa Kibemba kwamba kazi ya serikali ni kazi, mradi niwe na uhakika wa kuamka saa kumi alfajiri, jambo ambalo hajawahi kuliona kwangu.

Siku ya tatu mimi na mama tulikuwa tunafunga magunia ya chisense, yeye anashika mdomo wa gunia na mimi nashona, ndipo akasema.

"Weye unajua basoda? Unaonaka bale ba hapa, bananyoa, banapiga pasi, banasalimia batu. Miye najua bengine."

"Mama, jeshi la hapa haiko kama lile."

"Najua. Siko mujinga. Shona."

Nikashona. Akanieleza, bila kupandisha sauti, jambo ambalo nilikuwa nalijua nusu tu. Walipokimbia kuja ziwani, mdogo wake wa kiume alipigwa risasi ya paja. Mama na bibi walimvuta hadi kando ya barabara na kumfunga kwa nguo, lakini hawakujua kufunga. Jeshi likapita. Mama hakusema jeshi gani. Kwao siku hiyo majeshi yalikuwa mengi na yote yalivaa kijani. Katikati ya ule mstari alikuwamo askari mwenye mfuko wenye msalaba mwekundu. Mama alimkimbilia, akashika mkanda wa ule mfuko. Askari yule aliuondoa mkono wake, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaendelea kutembea. Mjomba wangu alikufa kabla ya adhuhuri.

"Hakunipiga," mama alisema. "Hakunitukana. Aliondoa mukono yangu tu. Sasa unaniambia unataka ule mufuko."

Tulimaliza magunia sita.

Jumamosi nilikwenda Mantapala nikiwa na swali moja. Nilimkuta mkaanga mikate akichekecha unga. Nilimsimulia kama nilivyosimuliwa, barabara na mwaka, kisha nikamwuliza kama alikuwa pale.

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa uaminifu, kama mtu anayeulizwa alikuwa wapi Jumanne.

"Hapana," akasema. "Ile njia hatukupita. Mwaka ule tulikuwa mbali na ziwa." Akaendelea kuchekecha. "Lakini, mama, nilipita bengine."

"Bangapi?"

"Sikuhesabu. Koloni, ule mustari ya basoda, inaenda. Ukisimama, unabaki peke yako, na kesho basoda bako banakufa bila anfirmie. Bandeji haiko yako, iko ya kikosi. Ile njo amri, na tena ile amri iko na maana yake."

"Na mulikuwa munafanya aje?"

"Nilikuwa naangalia viatu vya mwenye kunitangulia."

Alitia maji kwenye unga, akaanza kukanda. Nilidhani amemaliza. "Usichukue miye kuwa kipimo," akasema baadaye. "Ile kazi ni muzuri. Kuko baba bengi ng'ambo kule, bako na batoto sababu yangu. Na mu nchi yenye kulala vizuri kama hii, anfirmie wa jeshi anaweza kufika pensheni bila kumupita mutu hata mumoja. Kama unaenda, enda. Nitakufunza namna ya kubeba mutu mugongoni."

Akanifundisha. Nilimbeba mteja mnene hatua kumi na mbili kabla sijaanguka.

Nilikwenda Mansa kwa usaili. Tulilala kwenye madarasa ya shule, wasichana upande wao, na alfajiri tukakimbia kilomita kumi kwenye barabara ya lami huku gari likitufuata kuwaokota walioshindwa. Mimi si mkimbiaji. Kilichoniokoa ni msichana mrefu kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa. Alikuwa akikimbia mbele yangu huku akiimba nyimbo za kanisani kwa pumzi fupi fupi, nami nikashikilia mdundo wake mpaka mwisho. Nilimaliza katika wale wa mwisho waliokubaliwa. Wakatupima urefu, macho, meno, mkojo. Kovu langu la kuungua kwa tanuri la samaki wakalitazama, wakaliandika, wakaniacha.

Mwishoni kulikuwa na sajenti mwanamke aliyekuwa akiuliza kila mmoja kwa nini anataka jeshi. Nilimwambia nataka uuguzi wa vitani. Akaandika. Nikamwomba ruhusa ya kuuliza swali, akaniruhusu. Nilimwita mukwai, kama tunavyowaita wakubwa kwa Kibemba.

"Mukwai, kama kikosi kinatembea, na kando ya njia kuna raia amejeruhiwa, muuguzi wa kikosi anafanya nini?"

Aliweka kalamu chini. Alinijibu kwa Kibemba, polepole, na ninamheshimu mpaka leo kwa sababu hakunidanganya.

"Kwanza, utakuwa askari kama askari wengine. Wauguzi wanachaguliwa baadaye, kulingana na mahitaji. Unaweza kuomba uuguzi ukapewa ghala. Pili, sheria za vita zinasema majeruhi ni majeruhi, hata awe adui, na sisi tunazifundisha na kuzifuata. Lakini lini msimame na lini mtembee, hilo haliamui muuguzi. Anaamua kamanda. Wewe unaweza kutii?"

"Naweza, mukwai."

"Vizuri," akasema, akaandika tena.

Hilo lilikuwa jibu la kweli. Mimi ni mtiifu tangu utotoni. Walimu walinipenda kwa hilo.

Baada ya wiki kadhaa orodha ikabandikwa boma, na namba yangu ilikuwemo. Tulipewa muda mfupi wa kujiandaa na orodha ya vitu vya kubeba: sanduku la bati, shuka, viatu vya raba, sabuni. Nilimkuta mama nyumbani, nikamwambia. Alijifunga kitenge akatoka. Jioni alirudi na sanduku jipya la bati, jeusi, limebebwa kichwani na yeye mwenyewe kutoka sokoni, na kufuli lake ndani. Akaliweka kitandani kwangu.

"Ya kuuzwa barabarani yanapata kutu," akasema. "Hii ni nzito kidogo."

Katika siku zile za kungoja niliendelea na kazi. Siku moja tulikwenda na kliniki ya kutembea kwenye kijiji kimoja cha ufukweni ambako familia nyingi za Kikongo zinauza samaki. Tulikuwa muuguzi mmoja, mimi na dereva, na watu walikuwa wengi kupita dawa. Tulipokuwa tunafunga masanduku akaja mwanamke na mtoto mgongoni. Muuguzi, aliyekuwa tangu asubuhi hajakaa chini, akaniambia nimwulize mtoto ana nini. Nikauliza. Mama yake akasema ana homa tangu jana. Nikatafsiri: homa tangu jana. Muuguzi akasema, kwa homa ya siku moja, mwambie ampe maji mengi na kesho asubuhi afike kituoni. Nikatafsiri hilo pia.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande wa mgongo wa yule mwanamke, na nilikuwa nimemwona mtoto anavyopumua. Kifua kilikuwa kikiingia ndani chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Katika mafunzo ya kliniki walikuwa wametuonyesha picha ya kifua kama kile. Muuguzi alikuwa upande wa pili, anafunga masanduku, hakuona. Mwanamke hakujua la kusema. Nilikuwa mtu pekee pale aliyeona na aliyekuwa na lugha zote mbili, na nikanyamaza, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kutafsiri maneno na hakuna mtu aliyekuwa amesema neno kuhusu kifua. Nikapanda gari. Niliangalia mikono yangu.

Nilimwambia muuguzi tulipokuwa tumefika nusu ya njia. Hakunikaripia. Alimwambia dereva ageuze gari, tukamtafuta yule mwanamke nyumba kwa nyumba, tukampeleka hospitali na mtoto wake. Mtoto alikuwa na nimonia, akalazwa siku tano, akapona. Kwa hiyo hakuna aliyekufa, na ningeweza kusema kwamba mwishowe nilisema. Lakini ile nusu ya njia ilikuwa yangu, na nilijua ilikuwa na urefu gani.

Jumamosi nilimsimulia mkaanga mikate. Nilitaka anifariji, nadhani.

"Bon," akasema. "Sasa unajua."

"Najua nini?"

"Kama unaweza kupita. Kila mutu anaweza. Bengine habajapata fasi ya kujua."

"Basi nisiende jeshini?"

Akaudhika. "Nilisema vile? Ile haiko sababu ya kubaki. Pengine mutu mwenye kujua vile njo anakuwa anfirmie muzuri. Mbona munataka nichague miye? Nimeshachaguaka ya kwangu."

Niliondoka nikiwa nimemkasirikia. Nilifikiria jambo hilo siku nne. Watu wakiniuliza leo kwa nini sikwenda, wengi hutegemea niseme ni kwa ajili ya mama, au niliogopa kufa. Kufa sikukufikiria sana. Nilichofikiria ni kwamba mahali ambapo kutii ni sehemu ya kazi, mimi ningetii haraka kuliko wengine, na ningelala vizuri. Nilihitaji kwanza mahali ambapo kunyamaza kwangu kungehesabiwa kuwa kosa.

Nilikwenda boma kurudisha nafasi. Afisa wa pale aliniuliza kama nina mimba. Nilisema sina. Akaniuliza kama nina akili. Akachukua barua yangu, akapiga mstari kwenye namba, akamwita anayefuata kwenye orodha ya akiba. Yote yalichukua dakika tano. Nilitoka nje nikanunua maji baridi nikakaa kwenye ngazi za ofisi, na kwa kama saa nzima nilijuta kabisa, kwa moyo wote, mpaka nilikaribia kurudi ndani.

Mama nilimwambia jioni ile ile. Aliendelea kumenya muhogo.

"Umeshindwa ama umekataa?" akauliza.

"Nimekataa."

"Juu yangu?"

"Hapana, mama."

"Vizuri," akasema. "Sikutaka iwe juu yangu. Ingekuwa muzigo."

Chuo cha uuguzi kilinikataa mara ya kwanza kwa sababu ya alama za kemia. Nilirudia mtihani, nikaingia mara ya pili. Sasa ni mwaka wa tatu tangu nianze kazi kama muuguzi katika kituo cha afya kwenye ufukwe huu huu. Nimejifunza kusema nilichokiona hata kama hakuna aliyeniuliza. Si kipaji, nilikuwa najilazimisha, kwa sauti, mbele ya madaktari waliokuwa na haraka, na mara nyingine nilikuwa nimekosea nikachekwa.

Yule msichana aliyekuwa akiimba kwenye barabara ya Mansa alipata nafasi yake, na baada ya mafunzo akachaguliwa uuguzi. Alipelekwa nchi nyingine na kikosi cha kulinda amani, akarudi. Alipita kituoni kwetu mwaka jana akiwa likizo, amenenepa kidogo, amevaa nguo za kiraia. Nilimwuliza lile swali langu la zamani. Akacheka. Akasema kamanda wao alikuwa akisimamisha magari kila mara, kwamba wamezalisha wanawake wawili nyuma ya lori la jeshi. Siku moja tu hawakusimama, kwa sababu walikuwa wanapigwa risasi. Alilisema hilo la mwisho bila kukwepa macho yangu. Nilimwamini yote. Kwa hiyo inawezekana nilikosea, au nilikosea kuhusu jeshi lakini sikukosea kuhusu mimi. Sijaona sababu ya kulimaliza jambo hilo.

Mkaanga mikate alivuka kurudi ng'ambo na watu wa kijiji chake waliposikia kumetulia. Kabla hajaondoka mama, niliyekuwa nimemsimulia habari zake zote, alinituma nimpelekee gunia dogo la chisense. Alilipokea kwa mikono miwili, akauliza linatoka kwa nani, nikamwambia. Alivua miwani akaifuta kwa shati, ikachukua muda mrefu kwa sababu ya ule mkono wake. Kisha akaniuliza samaki wameanikwa siku ngapi, kama watafika bila kuoza. Nikamwambia siku tatu, watafika.